Kasha na Korongo

Siku gari lililoitwa Korongo lilipotolewa nje kwa mara ya kwanza, Ambakisye Mwakyoma alikuwa amelala chali chini ya gari, anakaza nati ya breki ambayo hakumwamini mtu mwingine yeyote kuikaza. Alisikia viatu vikikimbia. Kisha kukawa kimya, ule ukimya wa watu wengi walioshikwa na kitu kimoja. Halafu vigelegele.

Akajitoa chini, akajifuta grisi, akaenda mlangoni. Kiwanda kizima cha Iyunga, tangu wachomeleaji hadi mama wa jikoni, kilikuwa uani. Katikati yao, mkono juu ya bodi kama anayempapasa ng'ombe wake, alisimama Lwitiko, mchoraji wa bodi za magari.

Gari lilikuwa jeupe. Bodi yake ilifumwa kwa nyuzi za migomba zilizokuzwa maabara, nyuzi zinazotanuka zikipata joto na kusinyaa zikipoa. Lwitiko alipoliamuru litembee, vipande vya mbele vilifunguka kimoja kimoja mithili ya manyoya, na weupe ukageuka rangi ya chungwa, kisha nyekundu ya udongo, kadiri mwendo ulivyozidi. Liliposimama likajikunja, likawa jeupe tena.

"Uwi!" akasema mama wa jikoni. "Hili si gari jamani, hili ni bibi harusi."

Atuganile, mkewe Ambakisye, naye alikuwepo. Alikuwa amemletea mumewe chakula cha mchana. Hotipoti alikuwa ameiweka chini kwenye changarawe, na viganja vyote viwili vilikuwa juu ya ubavu wa lile gari.

"Baba Tumpe, njoo uguse! Linapumua!"

"Nimeona," akasema Ambakisye. "Chini ni sahani yangu."

Hakuna aliyemsikia. Yule ng'ombe mweupe wa Lwitiko alikuwa ameanza kuzunguka uwanja tena.

Ilikuwa kweli, chini ilikuwa sahani yake. Kituo cha mwisho cha petroli mjini Mbeya kilikuwa kimegeuzwa duka la maua miaka sita iliyopita, na tangu hapo magari yote ya mji yalikuwa gari moja: chuma bapa chenye magurudumu manne, mota nne na betri, chenye macho yake na akili yake ya kujiendesha, kinachopanda hadi Tukuyu na kurudi bila kuchajiwa. Watu walikiita sahani. Mtu akinunua gari alichokwenda kuchagua ni bodi ya kufunika juu tu. Ambakisye alikuwa ameipa ile sahani miaka kumi na miwili ya maisha yake. Na kwa kuwa ilikaa chini, hakuna mtu aliyewahi kuiinamia akasema ni nzuri.

Aliwahi kuchora bodi moja pia. Ilikuwa ya kijivu, pembe nne, haina hata ua, nyepesi kuliko zote, na kwa hiyo iliipunguzia betri mzigo. Watu wakaiita Kasha kwa kumcheka. Yeye akalipokea jina, akasema gari kazi yake ni kufika, mambo ya sura waachiwe wanaokwenda kuposa. Kwa miaka mitatu Kasha ndilo lililouzwa kuliko yote. Sasa alisimama mlangoni, jua la saa saba likimchoma utosini, anamtazama mkewe akilizunguka gari la mwanamume mwingine.

Chakula chake kilipoa palepale kwenye changarawe.

*

Hakuna bodi iliyoruhusiwa kwenda barabarani bila kupita kipimo cha macho, na mpimaji mkuu alikuwa yeye Ambakisye.

Kipimo kilizaliwa kwa sababu ya ukimya. Sahani haikuwa na ngurumo. Zamani ziliwekewa mlio bandia, lakini mji mzima ukalia kwamba haulali, mlio ukaondolewa. Watu wakaanza kuingia barabarani bila kujua kwamba gari liko mgongoni. Gari lenyewe liliwaona, ndiyo, na lilifunga breki. Ila mteremko wa Igawilo ukiwa umelowa, hata breki za Ambakisye zilihitaji hatua kumi na tano. Kwa hiyo ilibidi mtu alione gari kabla gari halijamlazimisha kusimama.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na barabara ya mfano, yenye vibanda na kivuko. Watembeaji wa kukodi walivishwa miwani iliyorekodi jicho linatua wapi na shingo inageuka lini. Waliambiwa wanajaribu raba mpya, ili wasiwe na wazo la magari. Kisha gari lilipitishwa.

Ambakisye alianza kupima Korongo siku ya Jumatatu akiwa na sentensi tayari kichwani: *Mapambo yanavuta jicho la mtembeaji na kumduwaza katikati ya njia, bodi irudishwe kwa mchoraji.* Aliipenda sentensi ile. Alikuwa ameipika wiki nzima.

Namba zikamkatalia. Katika mivuko mia mbili, shingo za watu ziligeukia Kasha likiwa limebakiza hatua kumi na moja. Korongo waliligeukia likiwa hatua thelathini na nne. Wala hawakuduwaa. Wakiona yale manyoya yamefunguka na rangi imekuwa ya udongo, walijua bila kufundishwa na mtu kwamba gari liko kasi, wakarudi ukingoni. Wakiona limekuwa jeupe, walivuka.

Alirudia kipimo Jumanne. Alibadilisha watembeaji, akaleta wazee, akaleta akina mama wenye mizigo. Jumatano alichukua Kasha akalipaka njano, akalifunga taa mbele. Asubuhi watu waliliona mapema. Jioni macho yalikuwa yameshazoea, wakalipita kama wanavyoupita ukuta wa jirani. Korongo halikuzoeleka, maana halikukaa sura moja.

Alhamisi asubuhi aliketi mbele ya mchoro wa matokeo. Kulikuwa na mstari wa Kasha, mfupi. Kulikuwa na mstari wa Korongo. Katikati ya mistari hiyo, kama uwazi kati ya meno, zilikuwapo hatua ishirini na tatu, na ndani ya hatua hizo Ambakisye aliweza kuhesabu watu: wale wa Igawilo, yule wa Sae mwezi wa tatu, wale wawili wa msimu wa mvua uliopita. Wote waligongwa na Makasha. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika taarifa zao, na katika kila moja akaandika: *mtembea kwa miguu hakuwa makini.*

Lililomuuma zaidi ni kwamba Lwitiko hakujua. Angekuwa amekusudia, Ambakisye angemheshimu kama mhandisi. Lakini Lwitiko alikuwa amefuata jicho lake tu, akachora kitu kizuri kwa sababu ni kizuri, na uzuri ukaenda wenyewe ukafanya kazi ambayo Ambakisye aliitafuta miaka kumi na miwili kwa breki na hesabu.

Aliandika kwenye fomu: *Imepita.* Neno moja. Mchoro akaufungia ndani ya faili, akalifunga faili kwa neno la siri. Hajadanganya, alijiambia. Bodi imepita. Nani aliyeuliza kwa kiasi gani?

*

Jumamosi dada yake alikuja kuchagua gari.

Subilaga alikuwa mkubwa wake kwa miaka tisa, mjane, mwenye kitalu cha miche ya parachichi kule Uyole. Alikuwa amesubiri zamu yake ya sahani miezi minane. Aliingia ukumbi wa mauzo amevaa kitenge kipya, akasimama mbele ya Korongo, akaweka mikono kiunoni.

"Ee, mdogo wangu. Hiki kitu kimenyamaza hivi, lakini kinaniita."

"Ni umbo tu, dada."

"Na mimi nilikuwa umbo tu, shemeji yako akaja kutoka Kyela kwa miguu." Akacheka, akalizunguka. "Niambie ukweli, wewe ndiye unayejua. Sura ina kazi gani kwenye gari? Nisije nikafuata macho kama msichana."

Ambakisye aligeuza macho. Upande wa pili wa ukumbi Lwitiko alikuwa anawaonyesha wateja wengine vile nyuzi zinavyofumwa, na walikuwa wakicheka naye, wanamshika bega. Mmoja alimwomba wapige picha.

"Sura haina kazi," akasema Ambakisye. "Chini yote ni sawa. Kasha ni jepesi, litakwenda mbali zaidi kwa chaji moja. Na miche yako itakaa vizuri, lina pembe."

"Usalama je? Njia yangu ile ina watu."

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kusema kweli. Aliuona uko wazi. Alikumbuka baadaye kwamba aliuona wazi kabisa, wala hakuna mtu aliyemsukuma.

"Kasha ndilo salama," akasema. "Nimelipima mimi."

Subilaga aliliangalia Korongo mara ya mwisho, kama mtu anayerudisha kitambaa kizuri dukani. Kisha akampiga mdogo wake begani. "Basi nipe Kasha. Heri anayekushauri ni damu yako."

*

Mvua zilianza wiki mbili baadaye. Siku ya kumi na tisa tangu Ambakisye afunge lile faili, saa tatu asubuhi, simu yake iliita akiwa uwanjani.

Alikuwa Subilaga. Alikuwa anapiga kelele, kisha akawa ananong'ona, kisha kelele tena. Ambakisye alielewa maneno matatu: Igawilo, mwalimu, damu.

Alipofika, gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka. Kasha la dada yake lilikuwa limesimama katikati ya mteremko, kijivu ndani ya ukungu wa kijivu, na hata yeye aliyelichora hakuliona hadi alipokaribia kulipapasa. Mbele yake palikuwa na mwavuli uliopinda na karatasi za nota za kwaya zimesambaa, zinalowa.

Subilaga alikuwa amekaa ukingoni, kitenge chake kina tope hadi magotini.

"Ni mwalimu Bupe," akasema. "Anafundisha kwaya kanisani kwetu. Nimemwona, Amba. Gari nalo limemwona, limefunga breki, nimesikia linafunga. Lakini yeye hakuliona. Alikuwa anakuja tu. Anakuja tu, anaangalia miguu yake." Akamshika mkono. "Ulisema ni salama. Kuna kitu nilikosea? Kuna kitufe sikubonyeza?"

"Hukukosea kitu, dada."

"Basi niambie nini kimetokea!"

Polisi wa barabarani, kijana mpole mwenye koti la mvua, alikuwa anaandika kwenye kishikwambi chake. Ambakisye alisimama nyuma yake, akasoma. *Mtembea kwa miguu hakuwa makini.* Ilikuwa sentensi yake mwenyewe. Wameshaikariri.

*

Hakurudi kwenye meza yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Lwitiko, maji yakimchuruzika, akamkuta anachana nyuzi kwa kitana cha mbao, mdomoni ana wimbo.

"Ndugu yangu, umelowa! Kaa. Nikupe chai?"

Ambakisye hakukaa. Alifungua lile faili kwenye kioo cha ukutani, mchoro ukajaa karakana nzima, mistari miwili na uwazi wake. Akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza kwa wakurugenzi, kwa namba, sauti kavu, hatua kumi na moja, hatua thelathini na nne. Lwitiko alikiacha kitana. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo.

"Ni... hili ni gari langu?"

"Ni lako."

"Mimi nilitaka lifanane tu na wale korongo wa kwetu Rungwe, wanapoanza kukimbia kabla ya kuruka. Sikujua." Machozi yakamjaa machoni, bila aibu yoyote, kama yanavyowajaa watu ambao maisha hayajawafundisha kujificha. "Amba, sikujua kama linaokoa mtu."

Ambakisye alimwangalia akilia kwa furaha, na wivu, hata pale, hata na tope la Igawilo kwenye viatu vyake, ukamng'ata. Alikuwa amedhani kwamba ukweli ukimtoka utatoka na wivu huo.

"Tazama tarehe," akasema.

Lwitiko alitazama. Ilimchukua muda. Alihesabu kwa vidole, kimyakimya.

"Siku kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilificha. Siku ya tatu dada yangu akaniuliza kuhusu usalama, nikamdanganya, nikampa Kasha. Asubuhi hii limemgonga mwalimu wa kwaya."

Mvua ilipiga bati. Lwitiko alikwenda dirishani, akarudi. Ambakisye alisubiri atukanwe. Alikuwa amejiandaa, alikuwa anahitaji kutukanwa kama mtu mwenye jipu anavyohitaji wembe.

"Sikia," akasema Lwitiko taratibu. "Tubadilishe tarehe. Andika kwamba umemaliza kupima jana. Leo mchana tunawapelekea wakurugenzi pamoja, mimi na wewe. Makasha yote yatarudishwa yabadilishwe bodi, watu watapona, hakuna atakayeuliza. Una mke, una watoto. Sahani ni yako. Mimi bila sahani yako ningekuwa nachora ndoto tu, unafikiri silijui hilo?"

Ambakisye alitamani angepigwa. Katika miaka yote ya kumwonea huyu mtu kijicho, mikono yake, jina lake, vicheko vya wateja, hakuwahi kufikiria kwamba kungekuwa na hiki pia. Na sasa alikiona, wema usio na mahesabu, akagundua kwamba anakionea wivu hicho kuliko vyote.

Pendekezo lenyewe lilikuwa na akili. Kumwaga ukweli wote kungemrudishia mwalimu Bupe nini? Makasha yangeondolewa barabarani leo, iwe tarehe ni ile au hii. Alisimama akiligeuza jambo hilo, na kadiri alivyoligeuza ndivyo lilivyokuwa tamu.

Kisha akakumbuka maandishi ya yule polisi. Mwalimu Bupe alikuwa tayari ameandikwa. Na wa Sae, na wale wa Igawilo, walikuwa wameandikwa, kwamba walikufa kwa uzembe wao. Tarehe ikibadilishwa hakuna atakayerudi kufungua yale majalada, kwa sababu hakuna atakayejua kwamba mpimaji ni mtu wa kutiliwa shaka.

"Hapana," akasema. "Naandika tarehe ilivyo."

"Watakufukuza, Amba. Wanaweza hata kukushtaki."

"Waweza kunisindikiza?"

Lwitiko alivua aproni.

*

Mkurugenzi, Mama Nsajigwa, alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Aliuliza swali moja tu, kama kuna nakala nyingine za yale matokeo. Kabla ya saa nane amri ilikuwa imetumwa kwa kila Kasha mjini lisizidi mwendo wa mtu anayetembea, na wenyewe wakaambiwa wayalete yavuliwe bodi. Kuhusu Ambakisye alisema, "Kadi yako iache mlangoni. Yanayofuata utaitwa uyasikie." Alisema hivyo bila hasira, na hakumpa mkono.

Saa kumi jioni Ambakisye alimkuta dada yake kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanawake. Paja la mwalimu Bupe lilikuwa limevunjika mahali pawili. Angepona, daktari alisema, ila kutembea kwake hakutakuwa kule kwa zamani.

Alimweleza Subilaga akiwa amesimama. Mwanzoni dada yake alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayefarijiwa. Halafu kichwa kikaacha kutikisika.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Niliposema njia yangu ina watu."

"Ndiyo, dada."

"Kwa sababu ya nini?"

Alitafuta neno kubwa la kihandisi, akakuta hana. "Kwa sababu wote walikuwa wanamfurahia Lwitiko. Hata Atuganile. Hata wewe ulipoingia ulikwenda kwake kwanza, kwenye gari lake. Nikasema angalau dada yangu achague langu."

Subilaga alisogea kidogo kwenye benchi, mbali naye, akakusanya kitenge chake ili kisimguse.

"Tangu asubuhi nimemwomba yule mwalimu msamaha," akasema. "Nimepiga magoti. Ananiambia si kosa lako mama, kosa ni langu, sikuangalia. Amenishika mkono anasema sikuangalia." Akanyoosha kidole kwenye mlango wa wodi. "Nenda kamtoe hilo neno mdomoni."

"Dada, twende wote."

"Peke yako."

Ambakisye alisukuma mlango. Vitanda vilikuwa sita, na kwenye cha mwisho, karibu na dirisha, alilala mwanamke mwembamba wa makamo, mguu umefungwa na kuinuliwa kwa uzito. Kwenye godoro, karibu na mkono wake, mtu alikuwa amezipanga zile karatasi za nota zikauke, na vidole vyake vilikuwa vikipiga mapigo ya wimbo polepole juu ya shuka. Alipomwona mgeni akaacha, akajaribu kujiweka sawa, akatabasamu kama anavyotabasamu mtu anayejua amewasumbua wengine.

"Karibu, baba. Wewe ni ndugu yake yule mama? Mwambie asijisumbue jamani. Mimi ndiye sikuangalia."

"Uliangalia, mwalimu," akasema Ambakisye, akavuta kigoda. "Lile gari halionekani. Nalijua kwa sababu nililitengeneza mimi, na nilijua siku kumi na tisa kabla halijakugonga."

Tabasamu la mwalimu Bupe liliondoka taratibu. Hakumwambia atoke. Aliukunja ule mkono uliokuwa ukipiga wimbo, akauweka kifuani.

"Endelea," akasema.